Ridhaa kwa Lugha Ipi? Masharti ya Uangalizi wa Wahalifu na Mipaka ya Katiba katika Ukanda wa Ziwa Mweru

Wanafunzi wa ukalimani hutuuliza mara kwa mara ni neno gani la Kiswahili linalofaa kwa ile adhabu ambayo mtu hutiwa hatiani, lakini badala ya kupelekwa gerezani huachwa akaishi nyumbani kwake chini ya masharti na chini ya jicho la afisa wa serikali. Kenya husema probesheni. Tanzania wana neno uangalizi, ingawa mitaani na magazetini watu hupenda zaidi kusema kifungo cha nje. Ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Kongo, watu hueleza kwa maneno mengi kwa kuwa sheria waliyoizoea ni ya asili ya Kibelgiji, nayo haina kitu kinacholingana nayo sawasawa.

Katika makala haya tumechagua neno uangalizi. Lakini kusudi letu si kuamua ugomvi wa istilahi. Tunataka kuonyesha kwamba historia ya adhabu hii, na mipaka ambayo katiba inaiwekea, inakutana na kazi yetu ya lugha kwa karibu zaidi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mahali tulipopachagua ni Wilaya ya Nchelenge katika Mkoa wa Luapula, Zambia, ambako Kiswahili si lugha ya mahakama wala ya shule, lakini kina wasemaji wengi wanaoweza kusimama mbele ya hakimu siku yoyote.

Asili ya uangalizi

Wanahistoria wengi huanzia Boston, Marekani, mwaka 1841. Fundi viatu mmoja aitwaye John Augustus alijitokeza mahakamani akamdhamini mlevi aliyekuwa karibu kufungwa, akaahidi kumrudisha baada ya muda akiwa mtu mwingine. Jimbo la Massachusetts likaigeuza desturi hiyo kuwa sheria mwaka 1878. Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1907. Katika sheria hiyo afisa wa uangalizi alipewa kazi ya kumshauri mhalifu, kumsaidia na kuwa rafiki yake, na ikibidi kumtafutia kazi. Pamoja na hayo, hakimu aliruhusiwa kumwekea masharti: asishirikiane na wezi, asiende mahali pabaya, na kama kosa lake lilikuwa la ulevi, asinywe.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1948 ndiyo iliyoweka umbo ambalo tunalikuta Afrika. Muda wa uangalizi ukawa si chini ya mwaka mmoja wala si zaidi ya miaka mitatu. Hakimu akatakiwa, kabla ya kutoa amri, amweleze mhalifu maana ya amri hiyo kwa lugha ya kawaida, na amweleze kwamba akivunja sharti lolote anaweza kurudishwa mahakamani akahukumiwa kwa kosa lile lile la mwanzo. Hatimaye, kwa mtu aliyefikia umri wa miaka 14, amri isingeweza kutolewa mpaka yeye mwenyewe aseme kwamba yuko tayari kuyafuata masharti.

Kenya ilikuwa na sheria yake tangu 1943, na Tanganyika tangu 1947. Northern Rhodesia, ambayo leo ni Zambia, ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sheria hiyo ya Zambia bado ipo, katika Sura ya 93 ya sheria za nchi, nayo imejengwa juu ya mfano huo wa Uingereza. Tuzingatie maneno mawili: lugha ya kawaida, na utayari wa mhalifu. Kifungo cha gerezani hakihitaji mfungwa akubali, na faini vivyo hivyo. Uangalizi ni adhabu ya aina yake kwa sababu umejengwa juu ya neno la mhukumiwa mwenyewe, yaani ridhaa.

Amri za kukaa mahali

Si kila sharti la kumfunga mtu mahali limetoka mahakamani. Dola ya kikoloni ilikuwa na njia nyingine, nyepesi zaidi. Machi 1959 serikali ya Northern Rhodesia ilipokipiga marufuku chama cha ZANC, viongozi wake walitawanywa katika wilaya za mbali kwa amri ya utawala tu. Kenneth Kaunda alipelekwa Kabompo, magharibi ya mbali. Hakuna hakimu aliyempa masharti hayo baada ya kumtia hatiani, wala hakuna aliyemwuliza kama yuko tayari kuyafuata. Tanganyika nayo ilikuwa na sheria ya kuhamisha watu kwa nguvu tangu 1921, na ilibaki katika vitabu muda mrefu baada ya uhuru. Ni mwaka 1988 ambapo Mahakama Kuu ya Tanzania, Mwanza, ilitamka kwamba sheria hiyo ni kinyume cha katiba.

Tunayakumbusha haya kwa sababu yanaeleza kwa nini katiba za baada ya uhuru ziliandika haki ya mtu kwenda atakako. Zambia ilizaliwa Oktoba 1964 ikiwa na sura ya haki za binadamu katika katiba yake. Sura iliyopo sasa, Sehemu ya Tatu, imetoka katika Katiba ya 1991. Kura ya maoni ya tarehe 11 Agosti 2016, iliyokusudia kuipanua, haikufikia idadi ya wapiga kura iliyotakiwa, kwa hiyo maandishi ya zamani yakabaki.

Katiba inamlinda mhukumiwa kwa kiasi gani?

Mtu aliyetiwa hatiani hapotezi haki zake zote, bali hupunguziwa zile ambazo sheria imeruhusu zipunguzwe. Tukiipitia Sehemu ya Tatu ya Katiba ya Zambia tukiwa na amri ya uangalizi mkononi, tunaona mipaka ya namna kadhaa.

Upo mpaka wa utu. Ibara ya 15 inakataza mateso na adhabu ya kinyama au ya kudhalilisha, na haina kifungu cha ila. Katika rufaa ya mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Zambia iliitumia ibara hiyo kuiangusha adhabu ya viboko, na mwaka 2003 Bunge likaifuta katika sheria. Kwa hiyo sharti la kumwaibisha mtu hadharani, kwa mfano kutembezwa sokoni na samaki aliyemvua kinyume cha sheria shingoni, lingegonga ukuta huo hata kama mhukumiwa amelikubali.

Upo mpaka wa kazi. Ibara ya 14 inakataza kazi ya kulazimishwa, lakini inasema wazi kwamba kazi inayotokana na hukumu au amri ya mahakama haihesabiwi hivyo. Ndiyo maana Zambia iliweza kuanzisha adhabu ya huduma kwa jamii kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2000. Hapa mlango uko wazi kuliko mtu angetarajia.

Upo mpaka wa nyumba na dhamiri. Ibara ya 17 inalinda mwili, mali na nyumba ya mtu dhidi ya upekuzi, na Ibara ya 19 inalinda uhuru wa dini na mawazo. Lakini zote mbili zinaanza kwa maneno yenye maana moja: isipokuwa kwa ridhaa yake mwenyewe. Katika Luapula hili si jambo la mbali, kwa kuwa Mashahidi wa Yehova wamekuwa na waumini wengi mkoani humo tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1967 mahakama ya Zambia ilisikiliza kesi ya mtoto wa shule wa dini hiyo, kutoka Copperbelt, aliyefukuzwa kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Jaji alikubali kwamba dhamiri yake ilizuiwa, lakini akaona kanuni ya shule ilikuwa na sababu ya kutosha. Basi mahakama inaweza kuupima uhuru wa dhamiri ukaonekana mwepesi. Na pale mhusika mwenyewe anaposema ndiyo, hata mizani haitolewi.

Upo pia mpaka wa safari. Ibara ya 22 inamhakikishia mtu uhuru wa kutembea na kuishi popote nchini, lakini inamtaja raia. Asiye raia hamo. Tutalirudia jambo hili tutakapofika Mantapala.

Mahakama za nchi nyingine zimejaribu kupata kipimo kimoja cha jumla. Katika jimbo la California, Marekani, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua mwaka 1975 kwamba sharti la uangalizi ni batili endapo mambo matatu yatakutana: halihusiani na kosa lililotendwa, linagusa tendo ambalo lenyewe si kosa, na halina uhusiano wa maana na kumzuia mtu asirudie uhalifu. Kwetu Afrika Mashariki, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua mwaka 1991, katika shauri la dhamana lililotoka Musoma, kwamba sheria inayobana haki ya msingi isiwe ya kiholela, na isibane zaidi ya inavyohitajika ili kufikia lengo halali. Shauri lile halikuhusu uangalizi, lakini kipimo chake kinaufaa vizuri.

Mvuvi wa Mweru na sharti la ziwa

Tuvijaribu vipimo hivyo kwa mfano wa kufikirika. Katika Ziwa Mweru uvuvi husimamishwa kuanzia mwanzo wa Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Sababu yake inaeleweka. Wazee wa Luapula wanaijua habari ya mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto kutaga mayai, ambaye kwa kuvuliwa kupita kiasi katikati ya karne ya 20 alikaribia kutoweka. Tuseme mvuvi mmoja wa Kashikishi amekamatwa na nyavu Januari. Ni kosa lake la kwanza, na hakimu anaona afadhali uangalizi kuliko gereza.

Sharti la kutomiliki nyavu zenye macho madogo linahusiana na kosa, na halimnyimi riziki. Sharti la kumwona afisa kila mwezi ni la kawaida. Lakini sharti la kutokanyaga ufukoni kwa miaka miwili je? Huko Kashikishi ufuko ndio soko, ndio bandari, ndio mahali pa kuoga na kuteka maji, na ndio ajira ya mtu asiye na shamba. Kwa kipimo cha Nyalali sharti hilo linabana kupita lengo. Hata kwa kipimo cha akili ya kawaida ni sharti ambalo mtu atalivunja kabla jua halijatua, naye akilivunja atahukumiwa kwa kosa la mwanzo. Mahakama moja ya rufaa ya Marekani iliwahi kusema mwaka 1965, kuhusu mlevi wa kupindukia aliyeamriwa asionje pombe, kwamba sharti lisilowezekana kutimizwa si sharti la haki.

Mvuvi huyo akiwa Mzambia, na akiwa anasema Kibemba, atakuwa na nafasi ya kuyasema hayo. Mkalimani wa mahakama atamwelewa. Lakini ukanda huu una watu wengine pia.

Wasemaji wa Kiswahili

Kiswahili si mgeni Mweru. Tippu Tip alipigana na Nsama wa Watabwa mwaka 1867, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, na habari hiyo imo katika tawasifu yake ambayo wengi wetu tunaifundisha. Mwishoni mwa mwaka huo huo David Livingstone alifika ziwani, na katika mji wa Mwata Kazembe alimkuta mfanyabiashara wa Kiswahili, Muhammad bin Saleh, ambaye alikuwa amekaa huko miaka mingi. Baadaye mpaka wa Waingereza na Wabelgiji ukapita katikati ya ziwa. Watu wa Pweto na Kilwa upande wa Kongo waliendelea kuvuka kwa mitumbwi kufuata samaki, soko na ndugu.

Vita vya Kongo viliongeza idadi yao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwaka 2000 zilifunguliwa kambi za Mwange na Kala, ambazo zilifungwa baadaye. Mwaka 2017 mapigano ya Katanga na Tanganyika yaliwasukuma tena maelfu kuingia Zambia. Walipokelewa katika kituo cha Kenani, na mapema 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge. Wengi wao husema Kibemba au lugha jirani, lakini wapo ambao lugha wanayoiweza zaidi nje ya nyumba ni Kiswahili, Kiswahili cha Kongo chenye batu badala ya watu, na tribinali badala ya mahakama.

Mkimbizi wa Mantapala akipewa amri ya uangalizi, masharti yake hayaanzi kwenye ukurasa mweupe. Zambia ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1969 ilijiwekea haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kuishi, na Ibara ya 22, kama tulivyoona, inamtaja raia. Kwa hiyo kizuizi cha safari ambacho Mzambia angeweza kukipinga kwa katiba, mkimbizi tayari anaishi nacho kabla hajatenda kosa lolote. Kwake yeye kinga iliyobaki ni kile alichokubali na kile alichokataa mbele ya hakimu.

Je, alikubali nini? Ibara ya 18 inasema mshtakiwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, na apewe mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumika katika kesi. Ibara ya 258 inasema lugha rasmi ni Kiingereza. Ibara ya 18 ni kinga nzuri, lakini imeandikwa kwa ajili ya kesi. Uangalizi huanza kesi inapokwisha. Kwa mwaka mzima, au miwili, au mitatu, mhukumiwa atakutana na afisa ofisini au nyumbani, ataulizwa maswali, ataonywa, ataandikiwa taarifa, na katika mikutano hiyo hakuna ibara inayomtaja mkalimani.

Maneno yanayopotosha

Hapo ndipo kazi yetu inapoingia. Mkalimani asiyefundishwa akitafuta neno la haraka, huchukua moja kati ya manne.

La kwanza ni "umesamehewa." Ni tafsiri ya hatari kuliko zote, maana aliyesamehewa hana deni. Aliye chini ya uangalizi ana deni la kosa zima, limewekwa kando tu.

La pili ni "umeachiwa." Katika magazeti ya Tanzania tunasoma kwamba mshtakiwa ameachiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa miezi 12. Hiyo ni adhabu nyingine, isiyo na afisa wala mikutano. Neno pekee halitofautishi mambo hayo mawili.

La tatu ni "dhamana." Linavutia kwa sababu kila mtu analijua, na kwa kuwa John Augustus mwenyewe alianza kwa kudhamini. Lakini dhamana kwa msikilizaji ni fedha au mdhamini, na ni ya kabla ya hukumu. Atauliza alipe shilingi au kwacha ngapi.

La nne ni "kifungo cha nje." Lina picha nzuri, lakini linasema kwamba kifungo kimekwisha kutolewa. Kwa Mkongo linakaribia hukumu ya masharti aliyoizoea, ambayo Ubelgiji iliitunga mwaka 1888 na kuieneza kwa makoloni: hakimu hutaja miezi ya kifungo, kisha huisimamisha. Katika uangalizi wa Kiingereza hakimu hakutaja miezi yoyote. Mtu akivunja sharti, adhabu itapimwa upya, na anaweza kushangaa ukubwa wake.

Hata neno "rafiki," lililotoka katika sheria ya 1907, linahitaji maelezo. Rafiki huyu huandika taarifa kwa hakimu. Mhukumiwa anapaswa kulijua hilo kabla hajamweleza siri za nyumba yake, kwa kuwa ridhaa yake ndiyo inayofungua mlango wa Ibara ya 17.

Tafsiri tunayoipendekeza ni ndefu, na tunaona urefu huo si kasoro: "Mahakama imekukuta na hatia. Haijakuhukumu adhabu bado. Inakuuliza kama uko tayari kuishi chini ya uangalizi wa afisa kwa muda huu, kwa masharti haya. Ukikataa, mahakama itakupa adhabu nyingine. Ukikubali kisha ukavunja sharti, utarudishwa hapa na kuhukumiwa kwa kosa hili hili. Umeelewa? Hebu tueleze wewe mwenyewe ulivyoelewa." Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Mtu mwenye hofu husema ndiyo kwa kila kitu. Akiombwa aeleze mwenyewe, hapo ndipo mkalimani na hakimu watakapojua kama ridhaa ipo.

Kwa walimu na wanafunzi

Nchi za Kusini mwa Afrika, Zambia ikiwa mojawapo, zilikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya jumuiya ya SADC Agosti 2019, na Tanzania ilikifanya kuwa lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021. Tumefurahia hatua hizo katika makongamano. Lakini lugha huwa rasmi kweli pale inapomsaidia mtu mnyonge kujua anachokubali.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa ukalimani waongeze zoezi hili katika muhula: mwanafunzi apewe amri ya uangalizi yenye masharti matano, aitafsiri kwa Kiswahili cha kawaida, kisha aisome kwa msikilizaji anayetumia Kiswahili cha Kongo, na msikilizaji aieleze upya kwa maneno yake. Kila sharti litakalopotea njiani lihesabiwe. Baada ya hapo darasa lijadili kila sharti kwa kipimo cha katiba: linahusiana na kosa? Linawezekana? Linadhalilisha? Linabana kupita lengo?

Mwanafunzi atakayelimaliza zoezi hilo atakuwa amejifunza istilahi zaidi ya orodha yoyote tunayoweza kumpa. Tena, akijikuta siku moja ameitwa mahakamani Nchelenge, Kigoma au Bungoma, atajua kwamba neno atakalolichagua laweza kuwa tofauti kati ya mtu kurudi nyumbani na mtu kurudi kizimbani.